Upweke wa Bei Rahisi

Kila baada ya miezi michache hutokea mpenzi wa sinema, aghalabu wa Nairobi, akaandika mtandaoni kwamba filamu uliyoiangalia kwenye simu hujaiangalia. Watu humshangilia. Wanataja ukumbi mkubwa, giza, sauti inayotoka pande zote, popkoni za ndoo. Mimi huyasoma maneno hayo nikiwa Malindi. Kwanza nacheka, halafu nakasirika. Kutoka hapa hadi majumba ya sinema ya Nyali ni zaidi ya kilomita 100, na nauli ya kwenda na kurudi inaweza kuizidi tiketi yenyewe. Kwa hesabu ya huyo bwana, sisi wa huku hatujawahi kuona filamu maishani. Mamangu, aliyemlilia Amitabh Bachchan mpaka macho yakavimba, hajaona filamu. Kakangu, anayejua kila ngumi aliyorusha Bruce Lee, hajaona filamu. Basi miaka yote hiyo tulikuwa tukiangalia nini, ukuta?

Kuna na wale wa upande wa pili, na hawa wananiudhi zaidi kwa sababu ni rika langu. Wao wanasema muvi ni muvi. Ati kioo kiwe cha inchi sita au cha mita sita, hadithi ni ile ile. Kila mtu na simu yake, kila mtu na ladha yake, hakuna tena kugombania rimoti, hakuna mjomba wa kukubadilishia stesheni. Wanaiita hali hii uhuru.

Mimi naiita wizi, na nitaeleza ni nini kimeibiwa. Ukubwa wa kioo ni jambo dogo. Hata usafi wa picha ni jambo dogo. Makubwa ni mawili: nani ameketi kando yako, na nani ana uwezo wa kuisimamisha filamu. Katika mambo hayo mawili, mtu wa kipato kidogo hapa Pwani alikuwa tajiri bila kujua. Zamani ukiwa huna pesa ulilazimika kuangalia na watu. Leo ukiwa huna pesa unalazimika kuangalia peke yako. Hilo ndilo badiliko, na sioni likizungumzwa, kwa sababu wote wako bize kuhesabu pikseli.

Haya, tuzihesabu basi hizo pikseli, tuzimalize.

Mimi ni mtoto wa VCD. Kama ulizaliwa juzi, hiyo ni diski iliyokuja baada ya kanda na kabla ya DVD kushuka bei. Picha yake ilikuwa na nukta 352 kwa upana na 288 kwa urefu, yaani simu yoyote ya bei ya chini inayouzwa mjini leo inaishinda mbali sana. Diski moja ilibeba dakika 70 na kitu, basi. Sasa chukua Kabhi Khushi Kabhie Gham ya 2001, ambayo inakaribia saa tatu na nusu. Hizo ni diski tatu. Na diski haikujali hadithi imefika wapi. Watengenezaji wa filamu za Kihindi huweka mapumziko mahali walipopachagua kwa makusudi, pale moyo umening'inia. Sisi tulikuwa na mapumziko mawili yaliyochaguliwa na kiwanda. Mama yuko mlangoni na sinia, mwanawe anarudi, machozi yameshaanza kulenga, mara kioo kinakuwa cha buluu. Mtu anaamka, anaitoa CD ya kwanza, anaipuliza, anaifuta kwa leso, anaingiza ya pili, inakwamakwama, inatolewa tena. Tulizipaka mpaka dawa ya meno.

Runinga yetu ilikuwa ile nene ya mgongo, karibu mraba. Filamu nyingi kubwa zilipigwa kwa upana wa 2.35 kwa 1. Ukiijaza picha kama hiyo kwenye kioo cha 4 kwa 3, unatupa karibu asilimia 43 yake. Si makadirio ya hasira, ni hesabu ya darasa la saba. Watu walikatwa mabega, wacheza ngoma wa pembeni waliondoka kabisa, na mara nyingine mtu alikuwa akizungumza na pua tu iliyochungulia kutoka ukingoni. Runinga bapa zilipokuja tukalipiza kisasi kinyume: zile filamu za zamani za mraba tukazivuta zijaze kioo kipana, kila mtu akanenepa. Leo runinga mpya zina ugonjwa wao pia. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. Runinga inabuni picha za katikati ambazo hakuna kamera iliyozipiga, ili mwendo uonekane laini, na filamu ya mamilioni ya dola inafanana na kipindi cha mapishi. Desemba 2018 Tom Cruise mwenyewe, akiwa na mwongozaji Christopher McQuarrie, alitoa video kuwasihi watu wakaizime hiyo mitambo majumbani. Izimeni, nawaunga mkono.

Lakini nasema wazi: hakuna hata kimoja katika hivyo kilichotuharibia filamu. Kwa nini? Kwa sababu ya sebule ilivyokuwa.

Ilikuwa alasiri, vyombo vimeoshwa, maghribi bado. Mmoja amekodi CD, mwengine ana deki, wa tatu ana stima ambayo haijakatwa. Wanawake wa nyumba nne tano wanakaa mkekani, watoto katikati, kachri na mabuyu yanazunguka. Shangazi yangu hakuweza kusoma yale maandishi ya Kiingereza ya chini, lakini alitutafsiria Kihindi kana kwamba amezaliwa Bombay, na pale asipojua alibuni, na alichobuni mara nyingi kilikuwa bora. Mkwe mwovu akiingia, analaaniwa na sebule nzima. Jirani mmoja, ambaye kwake mambo hayakuwa mazuri, na sote tulijua, alikuwa akilia mahali ambapo wengine hawakulia. Hakuna aliyemwuliza kitu. Mamangu alimsogezea tu chai. Hapo mimi nilijifunza filamu ni ya nini.

Na hakuna aliyesimamisha. Ungeanzaje? Ukitaka kwenda chooni unakwenda, ukirudi unaulizia yaliyopita kwa kunong'ona. Rimoti ilikuwapo, lakini kuisimamisha filamu ya watu kumi na wanne kwa haja yako wewe mmoja kulihitaji ujasiri ambao hakuna aliyekuwa nao. Isipokuwa mjomba, kweli. Tangu enzi za kanda, rimoti usiku ilikuwa ya mjomba, na wale wapenzi wa Kizungu wakisogeleana tu, yeye anapeleka mbele, wanakimbizana kioo kizima kama kuku, sisi tunatazama dari. Kwa hivyo sitadanganya kwamba nyumbani hapakuwa na mkasi. Ila mkasi ule ulikatia hadharani. Ukikata mbele ya watu kumi na wanne, wote kumi na wanne wanajua kuna kitu kimekatwa, na kesho yake watoto wanasimuliana kilichokatwa kwa ufasaha kuliko filamu yenyewe.

Kakangu naye alikuwa na kwake: banda. Mabati juu, mabenchi ya mbao, karatasi nyeusi ya nailoni madirishani, wufa linalotikisa mbavu, na ubao nje wenye majina ya muvi yaliyoandikwa kwa chaki. Shilingi kumi. Wenzetu wa Tanzania waliviita vibanda umiza, jina linalojieleza kwa yeyote aliyewahi kukalia benchi lile saa tatu mfululizo. Picha ilikuwa mbaya kuliko ya kwetu, nakala ya nakala, na juu yake sauti ya msimulizi. Lakini kakangu alirudi nyumbani akiwa ameona filamu moja na watu sabini. Alijua walicheka wapi. Alijua nani alipiga yowe, na kwamba yule jamaa mkubwa anayeogopwa stendi nzima alifunika macho nyoka alipotokea.

Mfano mmoja utatosha, kwa sababu unayakutanisha mambo yote mawili, picha na muda. Ile ya Sergio Leone ya 1966, The Good, the Bad and the Ugly. Mwisho wake ni watu watatu makaburini: Clint Eastwood, Lee Van Cleef, Eli Wallach. Wanasimama mbalimbali katika duara kubwa, wanatazamana kwa dakika kadhaa bila neno. Macho. Mkono. Bastola. Macho tena. Muziki unapanda. Leone alitumia upana wote wa kioo kuwapanga, kwa hivyo kwenye runinga ya mraba unaweza kabisa kumpoteza mtu wa tatu, ukabaki na duwelo la watu wawili na bega. Ni hasara, sikatai. Lakini kakangu aliiona bandani hivyo hivyo ilivyokatwa, na anakwambia hakuna aliyepumua. Watu sabini wamebana pumzi kwenye joto la mabati. Mwaka jana nilimwona binamu yangu, kijana wa miaka kumi na saba, akiiangalia hiyo hiyo kwenye simu, picha safi ajabu, upana wote, watu wote watatu wapo. Akafika pale makaburini. Akagusa kioo mara mbili: sekunde kumi. Mara mbili tena: sekunde kumi. Tena. Risasi ikalia. "Imeisha," akaniambia, "si mbaya."

Runinga ya mraba ilimnyang'anya kakangu mtu mmoja kati ya watatu. Kidole kilimnyang'anya binamu yangu dakika zile ambazo ndizo filamu. Sasa wewe niambie ni nani kati yao hakuangalia.

Na usinijie na yale ya kwamba vijana wa siku hizi hawana subira. Kijana huyu akienda kuvua na babake hukaa na mshipi saa nne. Subira anayo. Kilichobadilika ni kwamba amepewa chombo ambacho kazi yake yote ni kumwuliza, kila sekunde, kama angependa kuondoka. Ujumbe unadondoka juu ya uso wa Eastwood. Betri asilimia 12. Bando linakwisha saa sita usiku, kwa hivyo lazima amalize kabla halijafa. Mwaka 2020 Netflix iliweka kitufe kinachokuwezesha kuangalia kwa kasi ya moja na nusu, baada ya waongozaji kadhaa kupiga kelele walipoona kikijaribiwa mwaka uliotangulia. Tarehe 3 Oktoba 2023 Paramount yenyewe, mwenye mali, iliiweka Mean Girls kwenye TikTok ikiwa imekatwa vipande 23. Tulikuwa tukilalamikia diski tatu! Na hao walifanya kwa siku moja ya mbwembwe. Wengine wanafanya hivyo kila siku, filamu nzima imesimamishwa wima, imekatwa pande zote mbili, sauti ya mashine ikikusimulia kwamba "mwanamume huyu hajui kwamba mkewe ni jasusi". Lile la asilimia 43 limerudi, tena kwa kiburi: filamu pana ikijazwa kwenye simu iliyosimama wima, inayobaki haifiki hata robo. Na safari hii hakuna aliyekukatia mbele ya watu. Mjomba sasa ni wewe mwenyewe.

Nije kwenye pesa, maana ndipo hasira yangu inapolala.

Netflix ilifika Kenya Januari 2016. Septemba 2021 ilituletea mpango wa bure kabisa, tukafurahi, na kufikia Novemba 2023 ukawa umeondolewa. Mpango ule wa bure ulikuwa wa simu za Android peke yake. Na hadi leo mpango wa bei ya chini kabisa ni wa simu na tableti. Ukitaka filamu hiyo hiyo ipande kwenye runinga, ili bibi na watoto nao waone, ongeza pesa. Lisome tena hilo polepole. Kampuni haikuuzii tu filamu. Inakuuzia idadi ya watu wanaoweza kuketi na wewe, na upweke ndio umewekwa rafu ya chini kabisa, mahali mkono wa mwenye shida unapofika. Sisemi wamekaa mezani wakapanga kutuvunjia sebule. Wamepanga bei tu. Lakini bei hujenga nyumba. Nyumba ninayoijua mimi hapa mtaani sasa ina simu tano, na saa tatu za usiku kila mtu yuko kona yake na vipokea sauti masikioni, watano wanaangalia vitu vitano, na runinga imefunikwa kitambaa cha kufuma kama marehemu.

Hao wanaosema hii ni fursa sawa kwa wote wangeangalia na nani amebaki na umati wake. Mwenye pesa wa Nyali akitaka kuogopa pamoja na watu mia mbili, ananunua tiketi. Anaweza pia kuogopa peke yake kitandani. Ana vyote viwili. Kijana wa Maweni, Tezo au Gongoni amebakishiwa kimoja.

Ajabu ni kwamba filamu zetu wenyewe zinalijua hili kuliko wakosoaji wetu. Katika Nairobi Half Life ya 2012, Mwas tunayemkuta kijijini anauza DVD za muvi za vita, na ili auze anaziigiza zote pale kwenye vumbi, yeye ndiye shujaa, yeye ndiye adui, yeye ndiye bunduki. DVD ni bidhaa, lakini wanachokuja kukitazama ni Mwas. Katika Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin Februari 2018, kuna mtoto wa miaka tisa, mgonjwa wa kufa, anayependa mashujaa wa sinema; kuna kijana anayesimulia muvi moja kwa moja mbele ya wanakijiji; na kijiji kizima kinajitosa kumtengenezea mtoto huyo filamu. Ni filamu ya kuangaliwa na watu ulioishi nao. Watu wangapi huku kwetu waliiona hivyo? Mimi niliiona kwenye simu, stima imepotea, mwangaza nimeupunguza ili betri ifike mwisho. Nililia, ndiyo. Halafu nikatafuta mtu wa kumwambia, na ilikuwa saa saba za usiku.

Wasimulizi nao mnawaonea. Nimesikia wasomi wakisema DJ Afro anaharibu filamu kwa kupiga domo juu yake, na kule Dar walisema hivyo hivyo kuhusu Lufufu, na Kampala kuhusu VJ Jingo. Wanafunika mazungumzo, wanaruka sehemu, wanambatiza Mchina jina la mtu wa Murang'a. Sawa. Lakini msikilizeni vizuri: kila sentensi ya msimulizi ni ya mtu anayezungumza na umati. Anauliza, anasubiri jibu, anawatania walioketi nyuma. Anafanya kazi ile ile ya shangazi yangu, ila kwa wufa. Kinachonisikitisha ni kumsikia leo ndani ya sikio moja la abiria kwenye matatu ya Kilifi, anauliza swali lake na kuacha nafasi ya kicheko, na nafasi ile inapita kimya.

Unataka ushahidi kwamba watu hawajachoka kukaa pamoja? Nenda banda lolote Jumamosi jioni Arsenal wakicheza. Simu wanazo, bando wanalo, mechi ingeweza kuonekana mfukoni. Wanalipa, wanabanana, wanatokwa na jasho. Hakuna hata mmoja atakayekwambia kwamba kuliona bao peke yako chumbani ni sawa na kuliona pale. Mtu akijaribu kusimamisha mechi aende chooni, atapigwa. Mpira tumeupa haki ya umati bila mjadala. Filamu, iliyozaliwa kwa ajili ya umati, tumeinyima na kuambiwa ni maendeleo.

Najua nitajibiwa nini, na jibu moja ni zito kweli. Banda halikuwa la wote. Mimi ni mwanamke. Katika ujana wangu sikuwahi kuingia banda hata siku moja. Hakukuwa na tangazo la kukataza, kulikuwa na macho. Msichana akionekana pale, habari hufika nyumbani kabla yake. Kulikuwa na bangi, kulikuwa na watoto waliotoroka shule, kulikuwa na usiku ambapo muvi zilizoonyeshwa hazikuwa zile za ubaoni. Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, ilitungwa 1962, kabla ya uhuru, na mpaka leo ndiyo inayomtaka mwenye kuonyesha awe na leseni. Kwa mabanda mengi serikali ilijulikana kwa sura moja tu, ya askari mlangoni. Kwa hivyo dada akiniambia simu imempa filamu ambazo mtaa usingemruhusu kuziona, nanyamaza na kumsikiliza. Kuna filamu zinazohitaji uwe peke yako. Kuna nyumba ambazo kuangalia pamoja maana yake ni kuangalia anachotaka baba. Vipokea sauti navyo vimewaokoa watu.

Lakini jibu la mlango uliofungwa ni kuufungua. Tusiambiwe ni kila mtu ajengewe chumba chake kidogo kisicho na dirisha. Na Pwani hii ilishalitatua jambo hilo zamani. Unguja, enzi za majumba ya sinema, palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na Laura Fair ameyaeleza katika kitabu chake cha 2018 kuhusu sinema za Tanzania, Reel Pleasures. Akina mama waliovaa buibui walijaza ukumbi, wakapiga kelele watakavyo. Tangu 1998, lile tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, limekuwa likionyesha filamu Ngome Kongwe chini ya nyota. Sisi tuna nini cha kutushinda? Hoteli za Malindi zina projekta zinazoamka siku za makongamano tu. Kaunti ina kumbi za jamii ambazo kwa mwaka mzima huona harusi na mikutano ya siasa. Ukuta mweupe si haba mji huu. Wale vijana wetu wanaojifunza kupiga filamu Mtwapa na Kilifi, na wapo, wanapeleka kazi zao YouTube zikakae na watazamaji mia nne waliotawanyika, wakati mia nne hao hao wangejaa uwanja mmoja wa shule.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kwa mwenye banda mmoja mtaani kwetu. Ni mtu mzima sasa, amebadilisha mabati, ana runinga kubwa mbili na leseni imetundikwa ukutani. Nilimwambia nataka Jumanne jioni, siku isiyo na mechi, nionyeshe filamu kwa wanawake. Hakucheka. Alifanya hesabu kwa sauti: stima, kijana wa mlangoni, kusafisha, kwa sababu "wamama hawakai penye maganda ya karanga". Akasema filamu hailipi tangu watu wapate simu, yeye anaishi kwa mpira. Halafu akasema, "Niletee thelathini wa kulipa hamsini hamsini, nafungua. Wakipungua, mwanangu, nitakuwa nawasha taa za hasara."

Mpaka leo asubuhi nina kumi na tisa. Mamangu ni wa kwanza kwenye orodha na ameshalipia na shangazi. Tumegawanyika kuhusu filamu: wakubwa wanataka Sholay, wadogo wanasema hawakai saa tatu na kitu kwa ajili ya kitu cha 1975, na kuna mmoja anayeuliza kama anaweza kuja na chaja.